Mahasimu: mwongozo kamili wa kulitumia neno hili bila kuwasha moto mtaani

Jamani tulimalize hili leo. Kila msimu wa mechi za mitaa ukianza hapa Lamu, na mashua zikianza kupakwa mafuta kwa mashindano, matangazo yanakuja na makosa yale yale. Mara "mahasidi wa jadi kukutana leo", mara "mahasimu mawili yanapambana", mara timu imeundwa juzi tu haijapata hata jezi za kufanana tayari ni hasimu wa jadi wa kila mtu. Ukirekebisha hili linakuja lile. Na si kosa la darasani tu, manake neno likikosewa kwenye maiki kuna watu wanabeba kinyongo mpaka msimu mwengine.

Kwa hivo nimeziweka hatua zote hapa, kwa anayeandika posta, anayesoma tangazo, anayetuma matokeo kwenye WhatsApp ya mtaa, na hata yule anayetaka tu kuongea Kiswahili chake vizuri barazani. Neno limetoka wapi sitaingia, limekuja na Waarabu kama ndugu zake wengi, yatosha hapo. Soma kwa mpangilio, hatua ya 2 haikufai kitu kama ya 1 umeiruka.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Majina ya pande zote mbili. Hasimu mmoja peke yake hakuna, lazima awe hasimu wa mtu.
- Jibu la swali moja: hawa wanagombania nini? Kombe, abiria, kiti cha ubunge, sifa ya mtaa, chochote, bora kiwe kitu kinachotajika.
- Kumbukumbu ya mapambano yao ya nyuma, mawili matatu hivi, nani alimshinda nani.
- Kamusi ya Kiswahili, hata ya kwenye simu ni sawa.
- Mtu mzima mmoja wa kukusikiliza ukisoma kwa sauti. Asiwe shabiki wa upande wowote, kama utampata, manake Lamu hii kumpata asiye na upande ni kazi kuliko mwongozo wenyewe.
- Na uzime ile kitu ya simu inayosahihisha maneno yenyewe. Unaandika hasimu, simu inakuwekea Hashimu, unatuma bila kuangalia, halafu Hashimu wa watu anauliza amefanya nini.

## Hatua ya 1: Hakikisha kweli ni mahasimu

Hapa ndo wengi wanaanguka hata kabla ya kuandika herufi. Watu wawili wakikutana uwanjani si lazima wawe mahasimu. Ili neno likae sawa yanatakiwa mambo matatu: wanataka kitu kimoja ambacho hakigawiki, wameshakutana zaidi ya mara moja, na kila mmoja anaumia zaidi akishindwa na huyu kuliko akishindwa na mwengine yeyote.

Hilo la tatu ndo kubwa. Njia rahisi ya kulipima, muulize shabiki: "Mkifungwa na nani ndo hamlali?" Atakalojibu bila kufikiri ndo hasimu wake. Akianza kuhesabu timu kwa vidole, hana hasimu, ana wapinzani tu.

Chukua ndondi. Muhammad Ali na Joe Frazier walipigana mara tatu, 1971 akashinda Frazier, 1974 akashinda Ali, na 1975 kule Manila akashinda Ali tena. Hao ni mahasimu hakuna ubishi. Sasa Ali na George Foreman, lile pigano la Kinshasa 1974 ambalo dunia nzima inalijua, walipigana mara moja tu ikaisha. Pigano kubwa sana, pengine kubwa kuliko yote, lakini Foreman alikuwa mpinzani wa Ali usiku ule. Ukubwa wa pambano hauleti uhasimu, kurudiana ndo kunaleta.

Mpira ni vile vile. Simba na Yanga kule Dar es Salaam ni mahasimu, Gor Mahia na AFC Leopards hapa kwetu Kenya ni mahasimu. Lakini Gor na Simba walipokutana fainali Nakuru mwaka 2018, Gor ikashinda 2-0, kuna waliowaita mahasimu, na hapo si sawa. Yule wa Simba akifungwa na Gor anasikitika anakula analala. Akifungwa na Yanga kazini haendi.

Tahadhari: mechi ya kwanza kabisa kati ya timu mbili haina mahasimu. Hata mkiwa mmetukanana wiki nzima. Subirini mkutane tena.

Utajua umefaulu ukiweza kusema kwa pumzi moja majina mawili, kitu wanachogombania, na siku moja ya nyuma waliyokutana. Ukikwama popote kati ya hayo, nenda hatua ya 2 ukachukue neno jengine.

## Hatua ya 2: Litenganishe na jamaa zake

Hapa tukae kidogo, manake ndo penye vurugu zote. Kiswahili kina maneno mengi ya mtu mnayevutana naye na kila moja lina uzito wake, ukichanganya unaharibu.

Mshindani ni yeyote aliye kwenye shindano. Mbio za punda pale ufukweni wakipanga mstari vijana kumi, wote kumi ni washindani. Neno safi, halina chuki, halina historia. Ukiwa na wasiwasi chukua hili, hakuna atakayekupigia simu.

Mpinzani ni wa upande wa pili, yule uliyepangwa naye leo. Lakini ujue kwenye siasa neno hili lina kazi nyengine, ukisema "wapinzani" bila kueleza mtu anafikiri chama kisichoshika serikali.

Hasimu ni mpinzani mwenye faili. Mmeshafanyiana, mnajuana, na kila mkikutana yale ya nyuma yanakuja nanyi.

Mfano ninaoupenda ni wa mashua. Siku ya mashindano ziko mashua kadhaa baharini, matanga yote yamejaa upepo, watu kando ya maji wanapiga kelele, na nahodha ameshika usukani wake. Mtazame macho. Haangalii mashua zote. Anaangalia tanga moja tu, likigeuka na yeye anageuka, likichelewa kugeuka anacheka, likimpita anawapigia kelele mabaharia wake wahamie upande ule kumbe hata mashua yake ilikuwa sawa. Tanga lile ndo la hasimu wake, zile nyengine zote ni za washindani. Akimaliza wa nne na yule akamaliza wa tano anashuka anatabasamu kama amebeba kombe.

Na wale wale, siku za kawaida pale jeti, wanagombea abiria wa kuvuka Manda kwenda uwanja wa ndege, hapo ni washindani wa biashara tu, jioni utawakuta baraza moja na kahawa yao. Kwa hivo mtu huyo huyo anaweza kuwa mshindani wako Jumatatu na hasimu wako siku ya mashindano. Neno linafuata jambo mnalogombania, mtu habadiliki.

Mtani ni mwengine. Magazeti ya Tanzania yanawaita Simba na Yanga "watani wa jadi" na wako sawa kabisa, kwa sababu kule kuna ile desturi ya utani, mtani wa kweli anakutania mpaka msibani na huruhusiwi kununa. Neno hili linapooza moto. Ukiona mashabiki wameanza kuonana kwa jicho baya, andika watani, usiandike mahasimu. Wakenya nao kwa Gor na Leopards wakapata lao, mashemeji, kwa vile Wajaluo wa Gor na Waluhya wa Leopards wameoleana sana, na hilo pia linapooza, nani atampiga shemeji yake kwa sababu ya mpira (wapo, lakini tuendelee).

Adui anataka uumie. Hasimu anataka akushinde, na akikushinda imetosha, tena anakuhitaji uwepo msimu ujao manake bila wewe ushindi wake hauna ladha. Angalia Paul Tergat wetu na Haile Gebrselassie wa Ethiopia. Atlanta 1996 mita 10,000 Haile wa kwanza Tergat wa pili. Sydney 2000 ikawa hivo hivo, na safari hii tofauti ilikuwa sekunde 0.09, walikimbia zaidi ya dakika 27 wakatenganishwa na kitu ambacho jicho halikioni. Baadaye wakahamia marathoni, Tergat akaweka rekodi ya dunia Berlin 2003, saa 2:04:55, Haile akaja kuivunja Berlin hapo hapo 2007 kwa 2:04:26. Mahasimu wa kutosha hao. Na nje ya uwanja ni marafiki. Ukiandika "maadui" hapo umesema uongo, ukiandika "mahasimu" umesema kweli yote.

Hasidi sasa. Ndugu zangu, hasidi si hasimu. Yanafanana mdomoni, silabi moja tu imebadilika, lakini umbali wake ni mkubwa. Hasidi ni mwenye husuda. Hagombanii kitu na wewe, hata hayuko kwenye mashindano, anachotaka ni neema yako ikuondoke hata kama yeye hapati chochote. Wenyewe wanasema hasidi hana sababu. Hasimu ana sababu, tena anaweza kukutajia tarehe.

Na kwa mji kama huu kosa hilo linaumiza zaidi. Kila mtoto aliyepita chuo cha Kurani anajua sura ya kul audhu birabbil falak kwa moyo, inasomwa asubuhi na jioni, na mwisho wake unaomba kukingwa na shari ya hasidi anapohusudu. Sasa wewe unasimama na maiki mbele ya wazee unasema "mahasidi wetu kutoka mtaa wa pili wameshafika uwanjani". Umewaambia watu wa mtaa wa pili kwamba ni wale tunaoombea kinga dhidi yao kila siku. Halafu unashangaa kwa nini hawakukupa mkono.

Utajua umefaulu ukiweza kubadilisha neno kwenye sentensi yako, ukaweka mshindani, halafu mtani, halafu adui, na kila mara ukasikia maana imegeuka. Ukiona yote yanakaa sawa tu, sentensi yako haijasema kitu bado.

## Hatua ya 3: Nyoosha sarufi

Hii fupi, lakini ndo inayochekesha watu.

Mmoja ni hasimu, wengi ni mahasimu. Si "wahasimu". Na ni viumbe wenye uhai, kwa hivo inakwenda a- na wa-: hasimu amefika, mahasimu wamefika, mahasimu wawili, mahasimu hawa. Ukiandika "mahasimu mawili yamefika" umewafanya mawe.

Kosa hilo nadhani najua linakotoka. Neno hasimu linaweza pia kukaa nyuma ya jina jengine likaeleza, na hapo halibadiliki kabisa: timu hasimu, makundi hasimu, kambi hasimu, miji hasimu. Sasa kwenye redio mtu anasikia "makundi hasimu yamekubaliana", ile *ya-* ni ya makundi, yeye anaichukua anaiweka kwa mahasimu. Kwa hivo angalia jina la mbele: timu hasimu zimekutana, makundi hasimu yamekutana, mahasimu wamekutana.

Kumiliki andika wangu, wako, wake: hasimu wangu, mahasimu wake. Mdomoni watu wanasema "hasimu yangu" kama wanavosema rafiki yangu, barazani hakuna atakayekukamata, kwenye posta usiweke.

Wazee wengine utawasikia wanatia kh ya kooni, khasimu. Waache, ni matamshi yao na ni mazuri. Wewe ukiandika weka h tu.

Tahadhari kwa kitenzi: *kuhasimiana* si sawa na kushindana. Ukisema "Juma na kaka yake wamehasimiana" watu wanaelewa wamekosana, hawasemeshani, pengine watu waitwe wakasuluhishe. Ukitaka mashindano sema wanashindana, au "ni mahasimu", usipitie kitenzi.

Utajua umefaulu ukisoma sentensi na hakuna mahali ulimi umejikwaa.

## Hatua ya 4: Angalia umesimama upande gani

Hii hatua haifundishwi popote na ndo inayoleta maneno zaidi baada ya ile ya hasidi.

Linganisha: "Mkomani watacheza na mahasimu wao Langoni." "Mahasimu wawili, Mkomani na Langoni, watacheza leo." (Ni mitaa ya hapa Lamu, na ni mfano tu, msinipigie simu.) Sentensi zote mbili sarufi iko sawa. Lakini ya kwanza imesimama Mkomani, inawaangalia Langoni kwa mbali. Msikilizaji wa Langoni anajua papo hapo kwamba msomaji si wake. Ya pili imesimama katikati ya uwanja.

Kwa hivo ukiwa unaandika kama shabiki, au posta ni ya timu yako, andika "mahasimu wetu" kwa raha zako. Ukiwa mtangazaji, refa, mwalimu, kiongozi wa mtaa au unaandika matokeo ya kila mtu kusoma, weka "mahasimu" mbele kisha majina mawili yafuate. Na uyapange kwa sababu inayoonekana, mwenyeji kwanza mgeni baadaye, ili nani ametangulia lisiwe swali.

Utajua umefaulu ukimsomea mtu wa upande wowote akashindwa kukwambia wewe ni wa wapi.

## Hatua ya 5: Maneno ya kukoleza, yatie kwa kiasi

Mahasimu wa jadi, mahasimu sugu, mahasimu wakubwa, mahasimu wa kisiasa. Haya ni pilipili, chakula kinataka lakini si kila kijiko.

Jadi ni asili, ni mambo ya mababu. Yanga imeanza 1935 na Simba 1936, kuna babu, baba na mjukuu wamerithishana timu moja na kukasirika kule kule, hapo "wa jadi" imekaa. Leopards ni ya 1964 na Gor ni ya 1968, pia imekaa. Timu yenu ya mtaa ina misimu mitatu, mnaanzia wapi jadi? Andika "mahasimu wa siku nyingi" kama zimepita nyingi kweli, au "mahasimu" peke yake, neno lenyewe lina nguvu ya kutosha.

Sugu ni ya jambo lisilokwisha, linarudi rudi. Nzuri kwa wale wanaokutana kila fainali. Na "wakubwa" sioni linaongeza nini, hasimu mdogo ni yupi?

Kuna na "mahasimu wa damu", hilo liacheni kabisa kwenye michezo, likisomwa kwa watu wenye hasira linasikika kama mwaliko.

## Hatua ya 6: Uhasimu, uhasama, na lini unasema zamani

Uhasimu ni hali ya kuwa mahasimu. Uhasama umeshavuka hapo, ni uadui wenyewe, wa kugombea ardhi, wa koo, wa nchi na nchi. Kamusi nyengine zinayaweka karibu sana haya mawili lakini sikiliza yanavotumika: "uhasama umezuka mpakani", hakuna anayesema uhasimu umezuka mpakani. Kwa mpira na mashua kaa kwenye uhasimu. Siku mawe yakirushwa ndo uandike uhasama, na siku hiyo andika bila kuficha.

Ukitaka mfano wa pwani wa uhasama, Malindi na Mombasa mwaka 1498. Vasco da Gama alifika Mombasa mambo yakaharibika, akapanda na bahari mpaka Malindi, akapokewa vizuri akapewa na rubani wa kumvusha mpaka India. Mapokezi yale hayakuwa ukarimu mtupu, Malindi ilikuwa inatafuta rafiki mwenye mizinga dhidi ya Mombasa. Miji hasimu, na uhasama wa kweli kati yao.

Siasa ndo inafundisha jambo la pili, kwamba uhasimu unakwisha na sentensi lazima ijue umekwisha. Uhuru Kenyatta na Raila Odinga walikuwa mahasimu wa kisiasa uchaguzi wa 2013 na wa 2017. Tarehe 9 Machi 2018 wakapeana mkono, na 2022 Uhuru akawa anampigia Raila kampeni. Mtu aliyeandika 2022 "Uhuru na hasimu wake Raila" alikuwa amelala miaka minne. Hapo inakuwa "aliyekuwa hasimu wake", au "mahasimu wa zamani". Na upande wa pili, Uhuru na William Ruto walishinda pamoja mara mbili, 2013 na 2017, kisha washirika wakageuka mahasimu. Neno hili lina tarehe ya kuanza na ya kwisha, kabla ya kuandika angalia leo ni tarehe ngapi.

## Hatua ya 7: Kwenye maongezi ya kawaida

Tuseme ukweli, nyumbani hakuna anayesema hasimu. Mama hasemi "yule jirani ni hasimu wangu", anasema hatupatani, au hatuivi chungu kimoja, au ananyamaza tu na wewe ujue. Hasimu ni neno la habari, la maiki, la maandishi, la mzee anayeongea kwa kupanga. Ukilileta jikoni linasikika kama taarifa ya habari imeingia ndani.

Kwa hivo barazani tumia hivi: mpira, siasa, bao, mashindano yoyote, sawa, hasimu linapita vizuri, tena kwenye bao linapendeza, wazee wawili wanaocheza kila alasiri na hawapeani nafasi hao mahasimu haswa. Biashara, sema mshindani, labda uwe unatania. Ndugu waliokosana, sema wamekosana. Wake wenza, wallahi usiguse, hata ukiona mwenyewe, wewe sema wake wenza na upite.

Na ile methali ya mafahali wawili hawakai zizi moja isichanganywe hapa. Hiyo ni ya watu wawili wanaotaka kutawala mahali pamoja, mmoja lazima aondoke. Mahasimu wanakaa mji mmoja miaka na miaka, AC Milan na Inter wanatumia mpaka uwanja mmoja.

## Hatua ya 8: Pitisha tangazo lako kwenye jaribio

Tufanye moja pamoja. Hili nimelitunga, lakini kila kosa lililomo nimelisikia kwa masikio yangu:

*"Leo saa kumi jioni usikose!! Mahasidi mawili ya jadi, Mkomani na hasimu zao Langoni, yanakutana kumaliza uhasama wao wa miaka mingi. Karibuni nyote."*

Anza juu. "Mahasidi" linatoka, linaingia mahasimu, hatua ya 2. "Mawili", "ya" na "yanakutana" zinakuwa wawili, wa na wanakutana, hatua ya 3. "Hasimu zao" linatoka lote, limekuweka Mkomani, na tena neno limeshatajwa. "Jadi" jiulize, kama timu ni changa inatoka. "Uhasama" linatoka kabla askari hawajaitwa. Halafu angalia kilichokosekana: wanagombania nini? Tangazo halijasema! Ndo maana mwandishi amejaza maneno makali, hakuwa na habari ya kuweka.

Inakuwa:

*"Leo saa kumi jioni usikose! Mahasimu wawili, Mkomani na Langoni, wanakutana tena uwanjani, safari hii ni fainali, na msimu uliopita walitoka sare. Karibuni nyote."*

Ile "tena" na ule msimu uliopita ndo vinafanya kazi hapo. Mtu ambaye hajui lolote kuhusu timu hizi akisoma anaelewa kwa nini zinaitwa mahasimu bila kuelezwa.

Sasa msomee yule mtu mzima wako kwa sauti, si kwa kumpa simu asome mwenyewe, manake macho yanasamehe makosa ambayo sikio halisamehi. Akikunja uso mahali, usimuulize sababu, rudi tu kwenye neno ulilokuwa umefika.

## Ukikwama

Upande mmoja unajiona hasimu, mwengine haujali. Hutokea sana, timu ndogo inamchukia mkubwa na mkubwa hata jina halijui. Hapo si mahasimu. Andika "wanaowaona kama mahasimu wao", useme ni wa upande mmoja.

Mahasimu watatu inawezekana? Inawezekana, ila lazima kila mmoja awe na lake na kila mwengine. Mara nyingi ukichunguza ni wawili na mmoja anayeshangilia.

Mwanamke ni nani? Hasimu hivo hivo, Kiswahili hakitofautishi.

Nimeshatuma na kosa limo. Kama ni ngeli, hariri kimya kimya. Kama ni hasidi, futa, tuma jipya, na umpigie simu nahodha wa upande ule kabla hajapigiwa na mtu mwengine.